Mkanda wa kubebea mazao: usalama wa kuangalia mbele ya kulipa

Koperative nyingi za kahawa, mahindi na mihogo zimeanza kupita hatua ya mashini moja moja. Sasa zinatafuta laini nzima: mzigo unaingia upande huu katika gunia, unapanda, unasafishwa, unachaguliwa, unatoka upande ule. Kinachounganisha mashini hizo ni mkanda wa kubebea, ule wengine tunauita konvoyeri. Kwenye proforma mkanda unapewa mstari mmoja tu: urefu, upana, nguvu ya moteri, bei. Habari ya mikono ya watu haiandikwi. Ni ninyi wanamemba, na komite yenu ya usimamizi, wenye kuiandikisha, na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni mbele ya pesa kutoka.

Mkanda unadanganya watu. Mashini ya kusaga inapiga kelele, inatetemeka, kila mtu anaiogopa. Mkanda unatembea kimya, mwendo wa mtu anayekwenda kanisani bila haraka. Lakini tufanye hesabu. Mkanda unaokwenda mita 1 kwa sekunde ni kilometa 3,6 kwa saa tu. Mtu akikamatwa kidole, mbele ya kushituka na kuvuta mkono inapita karibu nusu sekunde. Katika nusu sekunde ile mkanda umetembea sentimita 50, na toka ncha ya vidole mpaka kwenye kiko cha mkono wa mtu mzima ni karibu sentimita 45. Ndiyo sababu ajali za mkanda haziishii kwenye kidole.

Polepole pia si dawa. Moteri ndogo ya kilowati 1,5 inayovuta mkanda kwa nusu mita kwa sekunde ina nguvu ya kuvuta karibu kilo 300, toa kidogo kinachopotea njiani. Mama anayechagua kahawa kwenye mkanda mfupi hawezi kushindana na nguvu ile, hata kama mkanda unaenda taratibu sana.

Ni wapi mkanda unauma

Katikati ya mkanda, pale mzigo unapopita wazi, hatari ni ndogo kuliko munavyofikiri. Hatari iko pale mkanda unapokutana na kitu kinachozunguka: ngoma ya kichwa inayouvuta, ngoma ya mkia inayourudisha, na roli ndogo za chini pale mkanda umekazwa sana. Mkanda na ngoma vinafanya kinywa. Kitu kikigusa kinywa kile kinamezwa, kiwe fagio, kona ya kitenge au mkono.

Ngoma ya mkia ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ya kawaida kabisa: chini yake ndipo punje zinapoanguka. Kila kiwanda kina kijana wa kufagia, na kila kijana anachoka kusubiri mashini isimame. Anaingiza fagio, kisha anaingiza mkono. Kwa hiyo mukienda kuangalia mkanda wa kununua, musisimame mbele pale muuzaji anapowaonyesha mzigo unavyopanda. Mupige magoti kule nyuma, muangalie mkia.

Ngoma zote, na mnyororo au mkanda mdogo unaotoka kwenye moteri, lazima viwe na kizuizi: bati au wavu wa chuma uliofungwa kwa buloni, unaohitaji ufunguo wa fundi ili utoke. Kizuizi kinachotoka kwa mkono mtupu kitakuwa kimeegemezwa ukutani kisha wiki mbili. Muangalie pia matundu ya wavu. Kanuni ya kimataifa inayofuatwa na watengenezaji, ISO 13857, inaenda hivi: tundu la mraba la milimita 20 linataka wavu ukae milimita 120 au zaidi kutoka kwenye kinywa, sababu vidole vinapita. Tundu likizidi milimita 40, mkono wote unapita mpaka begani, na sasa umbali unakuwa milimita 850. Kwa maneno mengine, wavu wa matundu makubwa uliobandikwa karibu na ngoma ni pambo tu. Na sehemu inayozunguka juu ya vichwa vya watu inahitaji kizuizi vilevile kama iko chini ya mita 2,7 kutoka pale watu wanasimama.

Kizuizi kizuri kinaacha nafasi chini ya kufagia punje bila kukifungua, na tundu za kutia grisi zimeletwa inje kwa kijibomba. Muuzaji akiwaambia fundi atafungua kila asubuhi ili apake grisi, mujue tayari kizuizi kile hakitaishi.

Parafujo, yaani ile chuma yenye kuzunguka ndani ya bomba na kusukuma unga au punje, ni jamaa wa mkanda na ni mkali kuliko yeye. Haina nafasi ya kuponyoka. Mdomo wake wa kupokelea mzigo lazima uwe na vyuma vya kukingama vilivyosudiriwa, si vya kuwekwa juu tu, ili punje ziingie na mguu usiingie.

Kuusimamisha, na kuhakikisha haujianzishi

Kifungo cha hatari ni chekundu, kikubwa kama kofia ya uyoga, juu ya kibao cha manjano. Kifungo kimoja kwenye sanduku la umeme mwishoni mwa nyumba hakitoshi. Anayekamatwa hawezi kutembea mpaka pale. Kwenye mkanda mrefu muulize kamba ya kusimamisha: kamba nyekundu inayofuata mkanda kwa urefu wote, upande wowote ambao watu wanaweza kufika. Ukiivuta popote, mkanda unasimama. Kwenye mkanda wa kuchagulia kahawa, kila mama aliyeketi awe anaweza kuishika kamba au kifungo bila kusimama, na kwa mkono wowote ule ambao utakuwa umebaki huru.

Sasa jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na kwetu sisi, ambao umeme unakatika na kurudi bila kuaga, ni kubwa kuliko yote. Umeme ukikatika, mkanda unasimama. Watu wanaona umesimama, wanaanza kusafisha, kuondoa gunia lililokwama, kunyoosha mkanda. Umeme unarudi. Kama moteri imewashwa kwa swichi ya kawaida ya wenzo, ile iliyobaki upande wa kuwasha, mkanda unaondoka na watu mikono ndani. Hakuna aliyebonyeza kitu.

Dawa yake inajulikana na si ghali: kontakta. Ni swichi inayoshikwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika inaanguka, na inabaki imeanguka hata umeme ukirudi, mpaka mtu abonyeze kifungo cha kijani. Vilevile kwa kifungo chekundu na kamba: kuvirudisha mahali pake hakupaswi kuanzisha mkanda. Kunaruhusu tu mtu auanzishe kwa makusudi. Na kama anayebonyeza kijani haoni mkanda wote kwa macho yake, honi ilie kwanza, ipite nafasi ya watu kujitoa, ndipo mkanda utembee.

Kama mkanda wenu unavutwa na injini ya mazuti badala ya moteri ya umeme, musiridhike na kuzima injini. Gurudumu lake zito linaendelea kuzunguka kwa muda. Muombe wenzo unaotenga mkanda na injini mara moja, uwe pale wafanyakazi wako.

Kufuli ya kila mtu

Mashini ikisimamishwa kwa matengenezo, kifungo chekundu hakitoshi, sababu mtu mwingine anaweza kukirudisha akidhani imesahauliwa. Swichi kubwa ya umeme lazima iwe na tundu la kufungia kadena ikiwa imezimwa. Desturi ya viwanda vinavyojua kazi ni hii: kila anayeingiza mkono anatia kufuli yake mwenyewe, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Watu watatu, kufuli tatu. Kuna chuma kidogo chenye tundu nyingi kinachowezesha hivyo. Kapita hana ufunguo wa kufuli ya mtu mwingine. Wengine wanaona hii ni kukosa kuaminiana. Mimi naona ni kinyume: unamwachia mwenzako kuamua mwenyewe lini mkono wake umetoka.

Hata hivyo mkanda uliozimwa na kufungwa unaweza bado kutembea. Mkanda uliopanda mlima ukiwa na mzigo unataka kurudi nyuma kwa uzito wake, na mashini ya vikombe inayopandisha mahindi juu ni vilevile: vikombe vya upande mmoja vimejaa, vya upande mwingine ni vitupu. Kwa hiyo muulize breki ya kuzuia kurudi nyuma. Na kama mkanda unakazwa na uzito unaoning'inia, chini ya uzito ule pazungushiwe ua, asipite mtu.

Neno fupi juu ya moto. Mkanda ukikwama na ngoma ikaendelea kuzunguka, mpira unapata joto mpaka kuwaka. Maganda makavu ya kahawa yanawaka vizuri, na vumbi la unga lililofungiwa ndani ya mashini ya vikombe linaweza kulipuka. Kuna kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko na kuzima moteri mwendo ukipungua. Kwa mashini ya vikombe musikiache.

Mashini ya mtumba

Mikanda mingi inayofika kwetu imetumika kwingine. Vizuizi ndivyo vya kwanza kupotea: vilitolewa wakati wa kubomoa, havikupakiwa. Muuzaji anasema "hivyo ni vya kutengeneza tu kwa fundi wa kusudira." Ni kweli, fundi mzuri wa mjini anaweza. Lakini basi bei ipungue, au yeye avitengeneze. Mkataba nambari 119 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1963, unataka kuuza na kukodisha mashini yenye sehemu za hatari zisizokingwa kukatazwe. Kwa upande wa nchi yetu, Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtwika mwajiri wajibu wa afya na usalama wa wafanyakazi. Koperative inayolipa vibarua ni mwajiri. Ajali ikitokea, swali halitaenda kwa muuzaji kwanza, litakuja kwa prezidenti na jeran wenu. Na tukumbuke Mkataba nambari 182 wa mwaka 1999: kazi ya hatari haifanywi na aliye chini ya miaka 18, hata kama ni mtoto wa mwanamemba na anataka kusaidia.

Basi muandike kwenye mkataba wa kununua, kila kitu kwa mstari wake: vizuizi vya ngoma zote, kamba pande zinazofikiwa, kontakta, tundu la kadena, breki ya kurudi nyuma. Mubakize sehemu ya bei mpaka siku ya kupokea. Siku ile musitume watu wa komite peke yao. Muite akina mama wanaochagua na kijana wa kufagia, maana wao ndio wanajua mikono inafika wapi. Muanzishe mkanda, muvute kamba katika sehemu nne au tano, si moja. Muirudishe, muone kama mkanda unabaki umesimama. Kisha muzime umeme wote, au jenereta, mungoje, muwashe tena. Mkanda ukiondoka wenyewe, pesa iliyobaki isitoke.

Juu ya nguo: vitenge vifungwe vizuri, vilemba visining'inie, bangili zivuliwe. Pahali pa kuvuka pajengwe daraja dogo lenye vishikio. Lakini nguo haichukui nafasi ya wavu. Kiwanda kinachoanza na kulaumu kitenge cha mama kwa kawaida hakijaangalia ngoma yake ya mkia.

Kisha miezi michache kapita atakuja kusema kizuizi kinachelewesha kazi. Musimfokee. Kama kinafunguliwa kila siku, kimetengenezwa vibaya, na yeye ana haki ya kulalamika. Kirudi kwa fundi, atie bawaba na swichi inayozima moteri mlango ukifunguliwa, au apanue nafasi ya kufagia. Buloni za akiba na ufunguo wake vikae ndani ya sanduku lililofungwa karibu na mkanda, na mtu mmoja aandikwe jina kwenye daftari kuwa ndiye anayehesabu buloni zile kila Jumatatu mbele ya mashini kuwashwa.