Jumapili za Sinema Mjini Unguja

Kwa muda wa miaka mingi, katika mji wa Unguja Jumapili ilikuwa siku ya sinema. Watu walivaa nguo zao nzuri, wakatoka na wake zao na watoto wao, wa Ng'ambo na wa Mji Mkongwe, wakielekea Vuga na Darajani. Aliyechelewa alikuta tikiti zimekwisha dirishani, ikambidi kununua kwa walanguzi waliosimama nje, kwa bei iliyozidi. Wengi walilipa, maana ni nani awezaye kuwarudisha watoto nyumbani hawakuona picha?

Jumba la Royal lilijengwa Vuga mwaka 1921 na mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla. Aliyelichora ni Bwana J. H. Sinclair, ambaye pia alilichora jengo la makumbusho la Beit el Amani. Jumba hilo baadaye liliungua, na mahali pake likajengwa lingine, Majestic, lililochorwa na Dayalji Pitamber Sachania na kukamilika mwaka 1955.

Mara nyingi picha moja ilionyeshwa katika majumba mawili jioni ile ile. Mikanda iliyokwisha kuonyeshwa katika jumba la kwanza ilipakiwa juu ya baiskeli na kukimbizwa kwenye la pili. Mwenye baiskeli akipata pancha njiani, watazamaji wa huko walikaa gizani wakipiga miluzi.

Picha zilizopendwa kupita zote zilitoka Bara Hindi, ingawa Waswahili wengi hawakujua Kihindi. Aliyefahamu kidogo aliwaeleza jirani zake, na yaliyobaki yalieleweka kwa nyuso na kwa nyimbo. Picha ya Awara ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1951, ilikuwa na swali lisilohitaji mkalimani: je, mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi? Hakimu aliyeshika imani hiyo anamfukuza mkewe kwa kumshuku, na mwanawe mwenyewe analelewa na mhalifu. Habari kama hiyo haikuishia mlangoni mwa sinema. Watu waliibishania barazani.

Mother India, ya mwaka 1957, ingemgusa mkulima yeyote. Mama aliyeachwa na mumewe analima kwa mikono yake, na sehemu kubwa ya mavuno inachukuliwa na mkopeshaji kwa deni ambalo haliishi. Mwanawe anapogeuka jambazi na kumteka binti wa mkopeshaji, mama anampiga risasi kwa mkono wake, ili kulinda heshima ya kijiji. Alifanya haki, au alizidi? Hata leo si rahisi kujibu.

Wanawake waliokaa utawani walikuwa na maonyesho yao peke yao, wanaume wasiruhusiwe kuingia. Kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa ya kutoka nyumbani na kukutana na wenzao. Na tuni walizozisikia hazikupotea: waimbaji wa taarabu wa pwani walizitilia maneno ya Kiswahili, na Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kubwa kwa nyimbo za namna hiyo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 majumba yakawa mali ya Serikali. Televisheni ikaja Unguja katika miaka ya 1970, kisha vidio ikaingia majumbani, na viti vikaanza kubaki vitupu. Empire ya Darajani iligeuzwa duka kubwa la vyakula. Majestic ilifungwa, na paa lake likabomoka.

Tangu mwaka 1998 picha zimepata uwanja tena katika Ngome Kongwe, wakati wa tamasha la filamu la Zanzibar. Lakini tamasha huja kwa siku chache na wageni wake huondoka. Mji uliokuwa na majumba ya kuwaweka mama na mtoto, karani na mchukuzi chini ya paa moja kila Jumapili ulibaki bila hata moja, na wapo Waunguja wanaotaka Majestic ijengwe upya kabla kuta zake nazo hazijaanguka.