Mgonjwa wa akili asitupwe mbali: funzo la kisiwa cha Leros



Katika kambi tunazotembelea, jamaa hutuuliza kama hakuna mahali pa mbali ambapo mgonjwa wao wa akili angepelekwa akafungiwa huko. Wanauliza kwa sababu wamechoka, si kwa roho mbaya. Ili tujibu, tunawaletea habari ya Leros, kisiwa kidogo cha wavuvi na wakulima huko Ugiriki.

Mwaka wa 1957 serikali ilifungua huko hospitali ya wagonjwa wa akili, ndani ya majengo ya zamani ya askari wa Italia. Wagonjwa waliletwa kwa meli kutoka hospitali za bara zilizojaa, hata wakapita 2,000. Madaktari walikuwa haba. Waliowachunga ni wenyeji ambao wengi hawakufundishwa kazi hiyo. Kwa kuwa ni mbali, jamaa nyingi ziliacha kuja kuwaona, na wengi walikaa huko mpaka kufa.

Mwaka wa 1989 magazeti ya Ulaya yalionyesha picha za wagonjwa walio uchi, na aibu ikawa kubwa. Kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya, wengi walihamishiwa katika nyumba ndogo, kati ya watu. Mwaka wa 2002 ulianzishwa ushirika ambamo wagonjwa na wenyeji hufanya kazi pamoja na kulipwa.

Lakini mwaka wa 2016, katika uwanja wa hospitali hiyo, ilijengwa kambi ya wakimbizi kutoka Siria, Iraki na kwingineko. Ninyi mliokimbia vita mnaelewa maana yake: anayeonekana kuwa mzigo hutafutiwa mahali pa kufichwa. Basi tusimtendee mgonjwa wetu yale tunayoyalalamikia sisi wenyewe.

Tunawaomba viongozi wa kambi na wakubwa wa jamaa:

- Mgonjwa aandikwe kwenye orodha ya chakula kama wengine.
- Asifungwe kamba, asipigwe, asisingiziwe uchawi.
- Apelekwe kituo cha afya akisindikizwa na mtu wa jamaa. Akilazwa hospitalini, atembelewe, na nafasi yake nyumbani ingojee.
- Majirani wapokezane kumwangalia, ili mama anayemtunza apate kwenda shambani au sokoni.

Amani ya kambi huanza hapo, kwa yule asiyeweza kujisemea.