Usimruhusu fundi atoe themostati

Swali limekuja tena, safari hii kutoka kwa mwenye Vitz: "Gari langu linachemsha. Fundi anasema nchi yetu ni ya joto, atoe themostati tu. Nimruhusu?" Usimruhusu. Kama ameshaitoa, airudishe. Nimeshalijibu swali hili kwa simu, kwa ujumbe, hata msibani, na kila anayeniuliza huwa ameshaambiwa kinyume na watu wawili watatu wenye spana mkononi. Leo naliandika, ili atakayeuliza kesho nimtumie ukurasa huu.

Hoja ya mafundi ni kwamba themostati iliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Anayesema hivyo ajiulize Land Cruiser za Muscat zinaendaje. Kule mwezi wa sita joto la mchana hupita nyuzi 40, na magari hayo yana themostati zake. Japani yenyewe, zinakotoka hizi Vitz, Noah na Harrier zetu, kiangazi hufika nyuzi 35. Petroli inapoungua ndani ya silinda joto hupita nyuzi 2,000, na maji ya injini yanatakiwa yakae takriban kati ya 85 na 100. Weka asubuhi ya Njombe mwezi wa saba na mchana wa Dar mwezi wa pili mbele ya tarakimu hizo uone tofauti yake ni nini. Kwa injini, Dar es Salaam ni mji wa baridi.

Ukibisha, fanya jaribio ninalowafanyia wateja wabishi. Chukua sufuria ya maji, tumbukiza themostati, weka kipimajoto, washa jiko. Kwa muda mrefu hakitokei kitu. Zile za Toyota nyingi zimegongwa namba 82 kwenye bati lake. Maji yakikaribia hapo, nta iliyo ndani ya kile kikopo cha shaba inaanza kuyeyuka na kutanuka, na kisahani kinajisukuma taratibu. Yakifika kwenye 95 kimefunguka karibu sentimita nzima. Zima jiko, kinarudi. Hakina waya, hakina kompyuta. Kisichofunguka ndicho kibovu, na kibovu hubadilishwa. Hakuna anayeng'oa breki kwa sababu pedi zimeisha.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mafundi wengi wa mtaani hawalijui, au wanalijua na hawalisemi. Themostati za injini nyingi za Toyota zina visahani viwili. Cha juu hufungua njia ya rejeta. Cha chini hufunga njia ya mkato, ile ambayo maji hupita yakizunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, njia ya mkato iko wazi na ya rejeta imefungwa. Injini ikipata moto, ya rejeta inafunguka na ya mkato inafungwa. Kitu kimoja kinafanya kazi zote mbili kwa mpigo.

Toa themostati, na hiyo njia ya mkato inabaki wazi saa zote. Mjini, ukitoka Mbezi kwenda Posta asubuhi, huenda usione kitu. Panda Kitonga na familia nzima, mizigo juu, kiyoyozi kinavuma, na sehemu ya maji ya moto itakuwa inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Yaani umetoa themostati gari lisichemke, na kwenye mlima ndiyo imekuwa sababu ya kuchemka. Kisha fundi anakuambia rejeta ni ndogo, nunua kubwa. Unanunua.

Kuna wanaoniunga mkono kwa hoja mbaya. Wanasema bila themostati maji hupita mbio kwenye rejeta yasipate nafasi ya kupoa. Nashukuru, lakini sivyo. Maji yanayopita mbio hupoa vizuri tu. Shida ni yale yasiyopita kabisa.

"Mbona langu lilitolewa miaka mitatu iliyopita na linakwenda?" Linakwenda. Themostati yako ilikuwa imekwama ikiwa imefungwa. Ilipotolewa maji yakapata njia, gari likapoa, fundi akaonekana mganga. Alichofanya ni kugundua kifaa kibovu, akakitupa, akakuachia tundu. Na kwa nini kilikwama? Fungua kifuniko cha rejeta asubuhi uangalie rangi. Maji ya kisima, tena yale ya Dar yenye chumvi, yanaacha ukoko na kutu kila yanapopita. Ukoko huo haukuondoka na themostati. Upo kwenye vijia vya rejeta, upo kwenye wota pampu, na ndio utakaokupeleka kubadilisha hedi gasketi siku moja.

Kuna pia gharama ambayo haionekani kwenye mshale. Kompyuta ya injini inasoma joto la maji kwa sensa. Ikiambiwa injini bado baridi, inaongeza petroli. Bila themostati, gari linalotembea barabara kuu kwenye upepo linaweza kwenda safari nzima likidhaniwa ndiyo kwanza limewashwa. Mwenye gari analalamika: hizi gari za siku hizi zinakula mafuta. Taa ya cheki injini inawaka. Ukisoma kwa mashine unakuta P0128, namba inayosema maji hayafiki joto linalotakiwa. Fundi anaifuta. Inarudi. Anaifuta tena, na unalipia mara zote. Kwenye Vitz na ndugu zake wengi wadogo, ambao hawana mshale wa joto, iko taa ya bluu inayotakiwa kuzimika dakika chache baada ya kuwasha gari. Nimewahi kuambiwa na mwenye gari, kwa fahari kabisa, kwamba yake haizimiki kwa sababu injini yake "inapoa vizuri".

Kwenye Toyota nyingi za otomatiki za gia nne, kompyuta haiiachii ovadraivu mpaka maji yapate joto. Kwa hiyo injini inanguruma kwenye mwendo wa 80, gia ya mwisho inagoma, na mwenye gari anapelekwa kwa fundi wa giaboksi. Giaboksi inafunguliwa. Siendelei, maana nikiendelea nitaandika nisiyopaswa kuandika gazetini.

Na oili? Injini isiyopata moto wa kutosha haikaushi unyevu uliomo ndani. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utandu wa rangi ya maziwa chini yake, mara nyingi ni hilo. Au ni hedi gasketi. Ndiyo sababu nataka themostati iwepo, ili tujue lipi ni lipi.

Wenye magari mapya nao wamo, na hawa wananiuma zaidi kwa sababu walilipa hela nyingi. Pikapu ina waranti, inachemsha safarini, ejenti yuko mbali au foleni yake ni ya wiki mbili, basi fundi wa jirani anatoa themostati "mpaka utakapofika". Unafika. Ejenti anafungua, anakuta tundu, anaandika kwenye karatasi kwamba mfumo wa kupoza umechezewa, na dai lako limekwisha hata kama tatizo la mwanzo lilikuwa pampu iliyotoka kiwandani na kasoro. Hasira zako unampigia ejenti. Nami nina malalamiko yangu mengi juu ya maejenti, wanaokaa na gari mwezi mzima kisha wanakuambia "hiyo ni hali ya kawaida". Lakini kwa hili umewapa kisu na mpini wake. Likichemka ndani ya waranti, simama, zima, piga picha dashibodi, ita gari la kuvuta. Ukilipeleka, malalamiko yako yaandikwe kwenye karatasi ya kazi kwa maneno yako mwenyewe, ubaki na nakala, na wakibadilisha kifaa waombe cha zamani ukione. Wakikuzungusha, Tanzania ipo Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2003 na kupokea malalamiko ya walaji. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Wote hao watakuomba karatasi.

Haya, gari linachemsha, ufanye nini? Usifungue rejeta ikiwa ya moto, kamwe. Likishapoa, angalia kiwango cha maji, rejeta na chupa ya akiba. Badilisha kifuniko cha rejeta. Ni cha bei ndogo na kimesahaulika na kila mtu. Kifuniko kizima cha 1.1 hubana maji hata yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Kilicholegea, ukikipeleka Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, maji yatachemka kwenye 94 hivi, kabla injini haijafanya kosa lolote. Hakikisha feni inawaka, gari likiwa limesimama na kiyoyozi kimewashwa. Pima mfumo kwa presha uone panapovuja. Pima kama gesi ya injini inaingia kwenye maji; kuna kipimo cha dawa inayobadilika rangi, gereji isiyo nacho isikuambie habari za hedi. Safisha rejeta au badilisha. Weka themostati mpya ya namba ya injini yako, pamoja na ringi yake ya mpira, kitundu cha hewa kikiwa upande unaotakiwa. Jaza kulanti halisi, na rangi yake isikudanganye, kwani madukani mna maji ya rangi ya kila namna. Toa hewa yote. Themostati, Kariakoo au Ilala, mara nyingi haifiki bei ya kujaza tangi la Vitz.

Ukienda kununua gari la mkononi, nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Liwashe mwenyewe, kisha shika mpira wa chini wa rejeta, mbali na feni. Kwa dakika za mwanzo unatakiwa uwe baridi, halafu upate moto baadaye, ghafla, njia ya rejeta inapofunguka. Ukipata uvuguvugu kidogo kidogo tangu mwanzo, kuna uwezekano mkubwa humo ndani hamna themostati, au ipo na imekwama wazi. Muulize aliyeitoa aliitoa kwa nini. Akisema gari lilikuwa linachemsha kidogo tu, usianze kupatana bei mpaka kipimo cha hedi kifanyike, kwa gharama yake.