Mwanga wa Salfa katika Mwali wa Haidrojeni: Kipimo, Ufifishaji na Uamuzi wa Viwango

Utangulizi

Mnamo Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutekeleza kiwango cha pamoja kilichotaka dizeli isiwe na zaidi ya miligramu 50 za salfa katika kila kilo ya mafuta. Salfa inapoungua ndani ya injini hutoa dioksidi ya salfa na chembechembe za salfeti, na hudhoofisha vichocheo vinavyosafisha moshi wa magari. Hata hivyo, kikomo hicho hakiwezi kusimamiwa ipasavyo iwapo maabara haipimi kwa usahihi. Makala haya yanafafanua mbinu moja ya kupima kampaundi za salfa, yaani kigunduzi cha mwanga wa mwali, na kubainisha namna tafsiri potofu ya mwanga huo inavyoweza kupitisha mafuta yasiyofaa.

Utendaji wa Kigunduzi

Mbinu hii, iliyoelezwa na Brody na Chaney mwaka 1966, hutumika zaidi pamoja na kromatografia ya gesi. Kampaundi zilizokwisha kutenganishwa huingia moja baada ya nyingine katika mwali wa moto wenye haidrojeni nyingi kuliko inayoweza kuunguzwa na oksijeni iliyopo. Humo kampaundi huvunjika, na atomi mbili za salfa huungana kuwa molekuli ya S2 yenye nishati ya ziada. Molekuli hiyo inapoipoteza nishati hiyo hutoa mwanga wa buluu, ambao huwa mkali zaidi karibu na nanomita 394. Chujio huzuia sehemu kubwa ya mwanga mwingine, kisha kihisio hugeuza mwanga uliopita kuwa mkondo wa umeme.

Kwa kuwa kila molekuli inayotoa mwanga huhitaji atomi mbili, mwanga hauongezeki sawia na kiasi cha salfa, bali hukaribia mraba wake. Salfa ikiongezeka maradufu, mwanga huongezeka takribani mara nne. Ikipungua hadi moja ya kumi, mwanga hushuka hadi takribani moja ya mia. Aidha, kipeo hicho huweza kupungua chini ya 2 kutegemea kampaundi na hali ya mwali. Kwa hiyo, kila maabara hulazimika kuchora grafu yake yenyewe kwa kutumia vielelezo vyenye kiasi cha salfa kinachojulikana.

Ufifishaji na Athari Zake

Haidrokaboni zikiingia katika mwali kwa wakati mmoja na kampaundi ya salfa, mwanga wa S2 hufifia. Dizeli ni haidrokaboni karibu yote, hivyo hatari hiyo ni kubwa. Ichukuliwe, kwa mfano wa kihesabu, sampuli yenye miligramu 70 za salfa kwa kilo, ambayo mwanga wake umefifia hadi nusu. Mzizi wa mraba wa 0.5 ni takribani 0.71, kwa hiyo hesabu itatoa miligramu 49.5. Mafuta yaliyopaswa kukataliwa yatakuwa yamekubaliwa, ilhali mashine haikuonyesha hitilafu yoyote.

Kuzimua sampuli hupunguza haidrokaboni, lakini kwa sababu ya uhusiano wa mraba, mwanga hupungua kwa kasi zaidi. Njia nyingine ni kutumia miali miwili: wa kwanza huunguza haidrokaboni, wa pili hutoa mwanga unaopimwa. Katika mwali wa vipindi, unaowaka na kuzimika mara kadhaa kwa sekunde, mwanga wa salfa hudumu kuliko ule wa kaboni. Hivyo husomwa baada ya ule wa kaboni kutoweka.

Hitimisho

Kwa kupima jumla ya salfa katika dizeli, maabara nyingi hutumia mbinu za mionzi ya urujuanimno au eksirei. Ubora wa mwali ni kubainisha kampaundi zipi zimebeba salfa hiyo. Pale matokeo yake yanapotumika katika uamuzi wa viwango, taarifa ya maabara inapaswa kuonyesha kipeo kilichotumika, namna haidrokaboni zilivyotenganishwa, na matokeo ya jaribio ambalo kiasi kinachojulikana cha salfa kiliongezwa katika mafuta yaleyale yanayopimwa. Kiasi hicho kisipoonekana chote katika kipimo, namba iliyo chini ya 50 haitoshi kuthibitisha kuwa mafuta hayo yanakidhi kiwango.