Nani Atalipia Nyimbo za Usumbwa?

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika na mitambo yake ya kunasa sauti, alifika Jadotville, mji wa migodi wa Katanga ambao siku hizi unaitwa Likasi. Akamsikia kijana wa miaka ishirini na kidogo akipiga gitaa, akamrekodi. Wimbo mmoja wa kijana huyo, "Masanga", ulisambaa kwa santuri mbali kuliko yeye mwenyewe alivyoweza kufika wakati huo, na mpaka leo wapo wapiga gitaa wanaojifunza kuupiga kidole kwa kidole. Jina lake lilikuwa Jean-Bosco Mwenda. Wengi walimjua kama Mwenda wa Bayeke.

Hao Bayeke ndio wanaoliunganisha gitaa lile na Runzewe, katika nchi ya Wasumbwa mkoani Geita, Tanzania.

Mwenda alizaliwa Bunkeya, mji uliokuwa makao ya Msiri. Msiri, ambaye nyumbani aliitwa Ngelengwa, alikuwa mwana wa Kalasa, mtu wa misafara kutoka Usumbwa aliyekuwa akifuata shaba ya Katanga. Katikati ya karne ya 19 mwana huyo alikwenda na watu wake, akabaki huko, akajenga dola iliyoshiba kwa pembe za ndovu, shaba, chumvi na, ni lazima isemwe, kwa kuuza watu. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na ofisa wa msafara wa Kapteni Stairs, uliokuwa ukimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Dola ikaanguka, watu wake, hao Bayeke, wakabaki. Mwaka 1967 Antoine Mwenda Munongo, mtu wa ukoo huohuo wa kifalme, alitoa kitabu cha historia ya Bayeke kwa Kifaransa. Huko Bunkeya, basi, wapo waliojiandikia habari zao.

Upande wa nyumbani, kazi ya namna hiyo imebaki nyuma. Runzewe iko wilayani Bukombe, kwenye njia panda ya Uyovu, pale barabara kuu inayotoka Isaka kwenda Rusumo inapokutana na ile ya Bwanga. Malori ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Mpaka mwaka 2012 wilaya ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ukaundwa Mkoa wa Geita, na Bukombe ikahamia huko. Wasumbwa ndio wenyeji wa kale wa nchi hii. Baadaye walikuja Wasukuma na ng'ombe wao, kisha wachimbaji wa dhahabu kutoka kila kona, na sasa Kisumbwa ni sauti moja kati ya nyingi sokoni. Wazee wanaokumbuka nyimbo za uwindaji, za kurina asali na za harusi za zamani wanapungua, na hakuna haja ya takwimu kulijua hilo.

Swali la makala haya ni la fedha. Kukusanya nyimbo, ngoma, masimulizi na ufundi wa jamii iliyosahauliwa ni utafiti kama utafiti mwingine wowote. Una gharama, na asiyezijua gharama hizo hudhani kazi nzima ni kumwekea mzee simu mbele ya mdomo. Kurekodi ndiyo sehemu rahisi. Saa moja ya sauti huweza kula siku kadhaa za kuandika maneno, kuyatafsiri, kumrudia mwimbaji na kumuuliza: hapa ulimtaja nani, na huyu mtemi ni yupi? Kisha kuna usafiri wa bodaboda hadi vijiji visivyo na lami, posho ya mzee aliyeacha shamba lake, nakala mbili au tatu za kila faili zinazotunzwa mahali tofauti, na maelezo ya kila rekodi: nani, wapi, lini, kwa ruhusa ya nani. Rekodi isiyo na maelezo hayo, baada ya miaka ishirini, ni kelele tu.

Historia inaonyesha waliolipa mpaka sasa. Mapadri wa Shirika la White Fathers walifungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, na padri mmoja wao, Capus, alikusanya hadithi, nyimbo na methali za Wasumbwa. Zikachapishwa mwaka 1897 katika jarida la Ujerumani, zikiwa na maelezo ya Kifaransa. Kanisa ndilo lililogharimia maisha ya padri huyo, na matunda ya kazi yakaenda kukaa kwenye maktaba za Ulaya. Kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini nyimbo za Usumbwa zimekuwa kwenye maandishi, lakini mtoto wa shule ya msingi Runzewe hana njia nyepesi ya kuzisoma.

Mfano wa pili una ladha tofauti kabisa. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Mradi wa Lugha za Tanzania kwa fedha za Sweden, na miongoni mwa matunda yake ni msamiati wa Kisumbwa, Kiswahili na Kiingereza uliotoka mwaka 2008. Aliyeuandika ni Kulikoyela Kahigi, mwanaisimu na mshairi, mmoja wa waandishi wawili wa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Bukombe. Fedha zilitoka mbali, lakini msomi alikuwa wa hapahapa, na kitabu kilimtazama msomaji wa Kiswahili. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye hesabu za wafadhili.

Kwa majirani Wasukuma hali ni nzuri zaidi, ingawa si kwa kila jambo. Padri David Clement, Mkanada, alijenga Bujora, karibu na Mwanza, kituo ambacho ndani yake kuna Makumbusho ya Wasukuma, na Bulabo, sikukuu ya ngoma ya kila mwaka, bado inavikutanisha vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika vikishindana kuvuta watazamaji. Miaka ya 1990 Frank Gunderson, Mmarekani, alikaa Usukumani akikusanya nyimbo za kazi: za kulima, za wawindaji, za wacheza na nyoka. Kitabu chake chenye nyimbo zaidi ya 300 kilitoka mwaka 2010 huko Leiden, Uholanzi. Ni kazi kubwa yenye heshima kwa waimbaji wake. Lakini maelezo yake ni ya Kiingereza, na kitabu cha namna hiyo huuzwa kwa bei ya maktaba za vyuo; mkulima wa Magu hakinunui.

Hapa ndipo aina ya fedha inapoamua aina ya utafiti. Fedha za chuo cha ng'ambo huzaa kitabu cha chuo cha ng'ambo. Fedha za wadhamini wa tamasha huzaa jukwaa na fulana, na tamasha likiisha hakuna kilichoandikwa. Mkopo nao hauzai utafiti hata kidogo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania katika miaka ya karibuni umekuwa ukikopesha wasanii, jambo la maana kwa mwenye studio au kampuni ya filamu anayetarajia mapato. Lakini anayeandika nyimbo za warina asali wa Bukombe atalipa rejesho kwa nini? Kazi hiyo inahitaji ruzuku: fedha zisizorudi, zenye masharti ya kazi yenyewe.

India inatoa mfano mzuri wa ruzuku hiyo. Mwaka 1993 ilianzishwa huko Bangalore taasisi iitwayo India Foundation for the Arts, na tangu mwaka 1995 imekuwa ikitoa ruzuku kwa watafiti, wasanii na walimu, wengi wao wakifukua historia ambazo vyuo vikubwa vilizipita. Anayeomba anaweza kuandika kwa lugha yake ya Kihindi, Kitamil, Kikannada au nyingine ya nchi hiyo. Sharti hilo dogo linawafungulia mlango watu ambao Kiingereza kingewafungia nje. Likiletwa kwetu lingekuwa na maana kwamba mwalimu wa Uyovu anaandika ombi lake kwa Kiswahili fasaha, na anahukumiwa kwa ubora wa wazo lake.

India pia ina historia inayotuhusu moja kwa moja. Huko Gujarat wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, wengine wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari. Ngoma yao wanaiita goma, na wanapiga malunga, upinde wenye kibuyu ambao mtu wa Tanzania bara angeutambua mara moja. Amy Catlin na mumewe Nazir Jairazbhoy walifanya utafiti kwao na kutoa filamu kuhusu muziki huo. Jamii iliyodharauliwa katika nchi yake ikaanza kusikika nje ya nchi hiyo.

Afrika Mashariki nayo ina la kuonyesha. Ketebul Music, iliyoanzishwa Nairobi na Tabu Osusa mwaka 2007, ilipata fedha za Ford Foundation na kutoa mfululizo wa vitabu vyenye CD na filamu kuhusu benga, muziki wa Wakikuyu na nyimbo za upinzani. Baadaye ikashirikiana na International Library of African Music, maktaba aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 na ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kurudisha rekodi za mwaka 1950 kwa Wakipsigis wenyewe. Mwaka huohuo wa 1950 Tracey alirekodi Tanganyika pia, wakiwemo Wasukuma na Wanyamwezi.

Na nani aliilipia maktaba ya Tracey? Nuffield Foundation ya Uingereza, pamoja na michango ya kampuni za migodi. Wazo la mgodi kugharimia utafiti wa muziki lina umri wa miaka sabini. Kwa ukanda wa dhahabu wa Geita si ndoto.

Tena liko kwenye sheria. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kifungu cha 105, yanamtaka mwenye haki ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii, ukikubaliwa na halmashauri. Kifungu hicho kinataja mazingira, jamii, uchumi na utamaduni. Utamaduni umetajwa waziwazi. Ila mipango inapofika mezani, fedha hizo huonekana kwenye madarasa, zahanati, visima na barabara. Ni sawa kabisa kwamba mama mjamzito wa Runzewe apate zahanati kwanza. Lakini mwaka 2018 Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulikubaliana na halmashauri za Geita mpango wa takriban Sh9.2 bilioni kwa mwaka. Asilimia moja yake ni Sh92 milioni. Kwa kiasi hicho vijana wanne wenye vinasa sauti vizuri, pikipiki mbili na msimamizi kutoka chuo wangefanya kazi mwaka mzima bila kugusa hata bati la zahanati.

Fedha hizo ni za Geita, si za Bukombe. Bukombe ina wachimbaji wake, wengi wadogo na wa kati, na fungu lake haliwezi kulingana. Kwa hiyo ingekuwa busara kwa halmashauri za ukanda huu, pamoja na Mbogwe iliyomegwa kutoka Bukombe na Msalala yenye mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, kuweka mfuko mmoja wa utafiti wa utamaduni badala ya kila moja kuhangaika peke yake. Wasumbwa hawakuwahi kuishi ndani ya mpaka wa halmashauri moja.

Masharti ya mfuko huo hayana ugumu. Mtafiti wa nje apate kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kama sheria inavyotaka, na afanye kazi na mwenyeji anayelipwa na kutajwa jina. Mwimbaji asaini, au akubali kwa sauti, baada ya kuelezwa kwa Kisumbwa au Kiswahili rekodi yake itatumikaje. Nakala ya kwanza ibaki wilayani, shuleni na kwenye ofisi ya afisa utamaduni, kabla ya kwenda Dar es Salaam au Leiden. Na kazi ya kwanza kabisa iwe ile isiyohitaji hata kinasa sauti: kuomba nakala ya makala ya Capus ya mwaka 1897, kuwakusanya wazee wa Ushirombo na Runzewe, na kuwasomea nyimbo zile moja baada ya nyingine ili waseme zipi wanazijua, zipi zimekosewa, na zipi hawajawahi kuzisikia.