Shamba Moja, Wenyewe Wengi

Muulize mzee yeyote katika vijiji vinavyozunguka Mkata shamba lile pale ni la nani. Hatakutajia jina moja. Ataanza na aliyelifyeka pori, ataingia kwa dada zake huyo aliyefyeka, atamtaja mpwa aliyelilima miaka ya njaa, kisha mfugaji wa Kiparakuyo anayeruhusiwa kulishia mabua baada ya mavuno. Mwisho kabisa, kama jambo lisilo na uzito, atakwambia kuwa ile michungwa ya pembeni ni ya mtu mwingine. Afisa aliyekuja na fomu yenye mstari mmoja wa "jina la mmiliki" hapo hukwama. Mzee hakwami, kwa sababu kwake hilo lilikuwa jibu moja tu.

Mkata imo katika Wilaya ya Handeni, nayo imekaa kwenye barabara kuu ya kutoka Chalinze kwenda Segera. Ukitokea Chalinze, hapo ndipo unapokata kushoto kwenda Handeni mjini. Ukinyoosha unafika Segera, na ukiendelea unaingia Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Bei ya ardhi kando ya lami imepanda, na wanunuzi kutoka mijini wanakuja na fedha mkononi. Ndiyo maana swali la nani mwenye shamba, ambalo zamani liliulizwa msibani tu, siku hizi huulizwa kila wiki.

Wazigua, pamoja na jirani zao Wanguu, Wakwere, Wakaguru na Waluguru, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliwaweka pamoja katika kitabu chake cha 1967 kuhusu jamii za mashariki mwa Tanzania. Mtoto ni wa tumbo la mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mwanamume akifariki, kwa desturi ya kale, wenye haki ya kwanza juu ya alichoacha walikuwa ndugu zake wa tumbo moja na wapwa zake, yaani watoto wa dada yake. Watoto aliowazaa mwenyewe walikuwa na fungu lao kwa wajomba zao.

Utaratibu huo haukuleta ugomvi mkubwa wakati ardhi ilikuwa tele na watu wachache. Mtu alilima mahindi, mtama na mihogo misimu kadhaa, akaliacha shamba lipumzike, akafyeka kwingine. Cha thamani kilikuwa mikono ya kulima na chakula ghalani, kwa maana mvua za Uzigua haziaminiki na njaa zake zimeandikwa katika historia. Mambo yalibadilika pale watu walipoanza kupanda vitu vinavyokaa ardhini miaka thelathini. Baba anayetunza michungwa au mikorosho tangu ikiwa miche hataki kusikia kwamba mvunaji atakuwa mpwa. Anataka mwanawe ale. Mpwa naye amekua akiambiwa kuwa shamba la mjomba ni lake. Kesi nyingi za mirathi katika eneo hili, ukizichimba, chini kabisa utakuta hayo: watu wawili walioahidiwa kitu kimoja, kila mmoja kwa mila halali.

Panda sasa Korogwe ya juu, Bungu au Vugiri, na hesabu inageuka. Wasambaa hurithishana kwa upande wa baba, na ardhi ya mlimani ni haba. Hata hivyo mama hakuachwa nje. Katika nyumba ya wake wengi, kila mke alipewa mashamba yake, na mashamba hayo yakaenda kwa wana aliowazaa yeye, si kwa wana wa mke mwenzake. Familia moja inaweza kuwa na kishamba cha migomba karibu na nyumba, kingine cha mahindi bondeni, kingine mbali tambarare, kila kimoja na mvua yake. Mgeni akiona vipande vimetawanyika husema ni umaskini wa mipango. Mimi naona ni akili: ukame ukipiga chini, juu bado kuna cha kuchuma.

Kuna kanuni moja utaikuta mlimani, tambarare na mpaka pwani: aliyeazimwa shamba apande mahindi, kunde, mihogo akipenda, lakini asipande mti wa kudumu. Mti ni ushahidi. Ukimwachia mtu apande mnazi au mchungwa kwako, miaka kumi baadaye atasimama mbele ya baraza akiuonyesha kwa kidole, na wazee watamsikiliza. Pwani mti na ardhi vimekuwa mali mbili tangu zamani. Mtu huweza kuuza minazi yake akabaki na ardhi, au akarithi minazi iliyo juu ya ardhi ya mwingine.

Si huku tu ambako mali hutenganishwa. Katika nyanda za juu za Sumatra Magharibi, Indonesia, wanaishi Waminangkabau, nao ni Waislamu wanaofuata ukoo wa mama, kama Wazigua wengi walivyo. Wao wametenga mali mafungu mawili. Mali ya kale ya ukoo, hasa mashamba ya mpunga na nyumba kubwa ya ukoo, hupita kwa wanawake na kwa kawaida haigawanywi wala kuuzwa. Mali aliyochuma mtu kwa jasho lake hurithiwa na watoto wake kwa sheria ya Kiislamu. Utaratibu huo haukuwaondolea ugomvi wote, lakini kila mtu anajua mpaka uko wapi. Uzigua hatujawahi kukubaliana wazi hivyo, ingawa familia nyingi kimyakimya zinafanya karibu hayohayo.

Serikali nayo haikusaidia sana kuweka wazi. Mwaka 1963 sheria za kimila ziliandikwa na kutangazwa katika gazeti la serikali, lakini kilichoandikwa kilizilenga jamii zinazofuata ukoo wa baba. Mila ya ukoo wa mama ikabaki vichwani mwa wazee. Kwa hiyo mirathi ya mtu mmoja wa Handeni inaweza kuombewa mlango wa mila isiyoandikwa, au mlango wa Kiislamu ambako mke mwenye watoto hupata thumuni na binti nusu ya fungu la kaka yake, au mlango wa sheria ya serikali yenye mizizi India ya mwaka 1865. Mahakama huangalia marehemu aliishi maisha gani. Wanandugu, kila mmoja huangalia mlango upi utampa zaidi, na siwalaumu.

Kisha kukawa na vijiji. Miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka kwenye maskani zao za kale wakakusanywa pamoja, na Sheria ya Vijiji ya 1975 ikavipa vijiji hivyo umbo la kisheria. Uliyelima kwa babu yako ukakatiwa eneo kwa babu wa mwenzako. Miaka ya 1980 wenyewe wa asili walianza kudai, na mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta kabisa haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa kwa uhamisho huo, bila fidia. Baba na mwana wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulu, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, waliipinga mahakamani. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kila mkulima anayelima bila karatasi leo anasimama juu ya hukumu hiyo, hata kama hajawahi kuisikia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilianza kutumika Mei 2001. Inaitamka haki ya kimila kuwa sawa kwa hadhi na haki ya kupewa na serikali. Halmashauri ya kijiji huisimamia ardhi kama mdhamini wa wanakijiji, na mambo makubwa huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Shamba lisilotumika kwa miaka mitano au zaidi linaweza kuhesabiwa kuwa limetelekezwa, ila kulipumzisha kunahesabika kuwa ni kulitumia. Kifungu hiki wakulima wa Handeni wakishike vizuri, kwa sababu shamba lililopumzika miaka minne huku kwetu ni pori kwa macho ya mnunuzi kutoka Dar es Salaam, na wapo wauzaji wanaolitembeza kama pori. Ubaya ni kwamba sheria dada, Namba 4 ya mwaka huohuo, katika tafsiri ya ardhi ya jumla inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria mbili za siku moja zinapishana mahali ambapo fedha ni nyingi. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi, kilichoandika kuwa hapa ni malisho na hapa ni akiba ya vizazi, hakiyumbishwi kirahisi na mpishano huo.

Hatimiliki ya kimila inatokana na mpangilio huu. Mpaka wa kijiji hupimwa, kijiji hupata cheti cha ardhi yake, hutengeneza mpango wa matumizi na masjala: chumba chenye mlango unaofungika, kabati na daftari. Ndipo shamba la mtu huhakikiwa mbele ya majirani wote wanaopakana naye. Handeni iliwahi kuwa wilaya ya majaribio ya MKURABITA, mpango ulioanza 2004 kwa mawazo ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto, kwamba maskini wana mali ila haina karatasi, na wakiipata karatasi watakopa benki. Hatua ya uhakiki ndiyo ninayoithamini kuliko hati yenyewe. Siku hiyo majirani wanatembea mpakani pamoja, wanakubaliana kuwa mwisho ni mnyaa ule, na ugomvi wa miaka ishirini unaweza kwisha kabla ya saa sita mchana.

Mkopo ni habari nyingine. Benki nyingi zimesita, na sababu si dharau. Mkopaji akishindwa kulipa, benki haiwezi kumuuzia shamba la kijiji mtu yeyote tu. Mnunuzi lazima akubaliwe na kijiji. Na ni jirani gani wa kijijini atakayenunua shamba la ndugu yake lililonadiwa? Anayechukua hati kwa sababu ya benki peke yake atavunjika moyo. Anayeichukua kwa sababu ya mpaka, mirathi na fidia amefikiri vizuri.

Fidia ndiyo iliyowafumbua macho wengi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Mthamini akifika shambani hufanya kwa kalamu kile mzee wa mwanzoni alichokifanya kwa mdomo: anavunja mali vipande vipande. Ardhi inahesabiwa peke yake, mchungwa mmoja mmoja, nyumba, kaburi. Juu yake huwekwa posho ya usumbufu, usafiri, malazi na faida iliyopotea, na malipo yakivuka miezi sita riba huanza kuhesabiwa. Lakini fomu ikishajaa, hundi inatoka kwa jina moja. Mwenye ardhi akapokea fedha za michungwa ya shemeji yake, au mume akapokea za shamba ambalo mkewe ndiye aliyelilima. Kama miti ni ya mwingine, aseme siku ya uthamini, mbele ya mtendaji wa kijiji, na aandikwe mstari wake.

Suala la majina linawagusa wake zaidi ya wote. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kuzitapanya fedha alizopewa na mumewe, lakini kanuni ilibaki.) Kudai mchango baada ya talaka kunachosha. Fomu ya hatimiliki inaruhusu wamiliki zaidi ya mmoja, hivyo mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja, au ndugu wa tumbo moja wote. Waombaji wengi huandika jina la baba peke yake kwa mazoea tu.

Kisha baba anafariki, na hati haijihamishi. Masjala ya kijiji haitabadili jina kwa sababu ya matanga. Ukoo hukaa kikao, muhtasari huandikwa na kusainiwa, Mahakama ya Mwanzo humteua msimamizi wa mirathi, naye ndiye anayegawa na kurudi kijijini kuandikisha upya. Kwa familia za Kizigua nina ushauri mmoja wa kikazi: waiteni wajomba na wapwa kwenye kikao hicho, hata kama watoto ndio watakaorithi. Mjomba aliyekuwepo na kusaini muhtasari ni shahidi wa watoto. Asiyeitwa atapata habari wiki ya pili, atapanda gari kwenda mahakamani kuweka pingamizi, na mashamba yatakaa misimu bila kulimwa wakati shauri likisikilizwa.