Ebola na Sanduku la Kura
Virusi vya Ebola havienei kwa hewa kama vya mafua. Huambukizwa kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa aliyekwisha kuonyesha dalili, au ya maiti yake. Aliyeambukizwa hukaa siku 2 hadi 21 kabla ya kuugua, na katika muda huo hamwambukizi mwenziwe. Kwa hiyo foleni ya wapiga kura yaweza kulindwa: watu hupimwa joto la mwili, hunawa mikono, na husimama mbalimbali. Ndivyo ilivyofanyika Liberia tarehe 20 Desemba, 2014, walipochaguliwa maseneta.

Kongo mambo yalikuwa mengine. Tarehe 26 Desemba, 2018, siku 4 tu kabla ya uchaguzi wa Rais, Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Masoko na makanisa yaliachwa wazi, kana kwamba mgonjwa haendi sokoni. Kesho yake waandamanaji wenye hasira walishambulia kituo cha Ebola mjini Beni, na watu waliokuwa wakichunguzwa humo wakakimbia. Amri iliyotolewa kwa jina la afya ikawa imeidhuru.

Tarehe 30 wakazi wa Beni walijiandalia kura yao wenyewe, wakanawa mikono kwanza. Haikuhesabiwa. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari, 2019. Machi, Beni ilichagua wabunge tu.